Mmea mgeni na nafasi yetu ndogo

Mwezi huu tunaongea bustani. Mvua ikikaribia, wauza miche wanajaa kando ya barabara za Kampala, na kila mtu anauliza: huu mmea mpya tuuchukue ama tuuache?

Sisi wa mjini hatukupewa kipande cha shamba kama ndugu zetu wa Nakivale au Kyangwali. Tuna magunia mawili matatu ukutani, beseni lililotoboka, na ruhusa ya mwenye nyumba, basi. Mmea mgeni ukiingia, mwingine unatoka, na mara nyingi unaotoka ni lengalenga ya watoto, ile wenyeji wanayoiita dodo.

Tuanze na maua. Kuna ua la Ulaya linaitwa helebori. Wengine wanaliita waridi la Krismasi, kwa sababu linachanua katikati ya baridi wakati mengine yamelala. Wenye ndugu waliohamia huko huenda wameliona kwenye picha. Ni zuri kweli, hatukatai. Lakini mbegu yake inataka ipitie baridi ndipo iote, na Kampala, hata kama iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari na joto lake ni la wastani, haina majira ya baridi. Tena lina sumu, kuanzia mzizi mpaka jani. Libaki huko huko. Oleanda, na lile ua kama tarumbeta linaloning'inia, yanastawi sana hapa, nayo yana sumu pia. Pale wapangaji sita wanachangia uwanja mmoja na watoto wao, sisi tusingeyapanda.

Na uzuri umeshatudanganya. Magugu maji yalitoka Amerika Kusini, yakasambazwa duniani kwa ajili ya ua lake la zambarau. Mwisho wa miaka ya 1980 yalifika Ziwa Viktoria, na katika miaka ya 1990 yaliziba bandari ya Port Bell hapa Kampala, mitumbwi ikashindwa kupita.

Sasa mgeni mwema: kiazi kitamu cha rangi ya chungwa. Mwaka 2004 Uganda iliruhusu rasmi aina mbili, Ejumula na Kakamega. Mwaka 2007 ikafuata Kabode, iliyotoka kwa watafiti wa Namulonge, kaskazini mwa mji. Rangi ile ndiyo faida yenyewe, maana mwili unaigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho ya mtoto na kumsaidia kupigana na magonjwa. Gramu 125 hivi kwa siku, yaani kiazi kimoja kidogo, zinamtosha mtoto mdogo. Kiazi cheupe hakina hiyo. Mtafiti Mganda Robert Mwanga ni mmoja wa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, yeye na wenzake wawili kwa kazi ya kiazi hiki. Wazee wengine wanalalamika kwamba kinalainika mno mdomoni. Sawa, lakini watoto wanakipenda kwa sababu hiyo hiyo. Na majani yake ni matembele, mboga tunayoijua tangu nyumbani.

Jinsi ya kupanda: jaza gunia udongo na samadi iliyooza, katikati weka nguzo ya mawe madogo ili maji yashuke mpaka chini. Udongo wa karibu na gereji au wa mfereji wa maji machafu tusiuchukue, maana madini mabaya yanaingia kwenye mboga na hayatoki kwa kuchemsha. Kata mche wa sentimita 30 hivi kutoka ncha ya mmea mzima, fukia theluthi mbili, uweke juu ya gunia, siyo ubavuni. Ubavuni panda dodo au nakati. Kwa miezi minne hivi utachimba. Tusidanganyane, gunia halitoi viazi kama shamba. Majani ndiyo yatawalisha mara nyingi zaidi.

Shida kubwa ni kiangazi, miche inakauka. Mama mmoja wa kwetu anapanda vipande vichache karibu na pale anapomwaga maji aliyooshea mboga, na mvua za Machi au Septemba zikianza, anakata miche yake na kuwagawia majirani.