Kimaa Migombani

Ukipanda kutoka Arusha mjini kuelekea Ng'iresi, unapita katikati ya migomba, kahawa na maharage yaliyobanana hadi karibu na msitu wa Mlima Meru, na wenye mashamba hayo ni Waarusha, watu wa Kimaa, lugha ya Wamasai ambayo wengi wetu tunaihusisha na ng'ombe na mbuga. Sogea mashariki hadi Akheri au Nkoaranga: migomba ni ileile, mifereji ni ileile, ila sasa unasikia Kimeru, ndugu wa karibu wa Kichaga cha Machame. (Hawa si Wameru wa Kenya, japo jina ni moja.) Tumezoea kupanga maarifa ya wahenga kwa makabila, na makabila kwa lugha. Majirani hawa wawili wanaupinga mpangilio huo. Lugha yaweza kutuonyesha mtu anajihesabu pamoja na nani. Anachokijua kwa mikono yake ni habari nyingine.

Wameru walitangulia, mnamo karne ya 17, wakitokea upande wa Kilimanjaro. Waarusha walikuja miaka ya 1830 kutoka Arusha Chini, kusini mwa Moshi, wakiwa na uhusiano wa karibu na Wamasai wa Kisongo. Katika mapigano yaliyofuata walitwaa ardhi ya Wameru na watu wao pia, na mateka wakaingizwa katika koo za Kiarusha. Sasa fikiria mwanamke aliyekua akichagua machipukizi ya mgomba na kupalilia chini yake: aliolewa katika boma linalosema Kimaa, watoto wake wakakua wakisema Kimaa, lakini shamba akalilima alivyofundishwa na mama yake. Wameru nao hawakubaki kama walivyokuwa. Walichukua mfumo wa marika, pamoja na baadhi ya majina yake ya Kimaa, hadi vijana wa pande zote mbili wakawa wanakwenda vitani pamoja. Wamisionari Ewald Ovir na Karl Segebrock walipouawa Akheri Oktoba 1896, waliowavamia walikuwa wapiganaji wa Kiarusha na wa Kimeru kwa pamoja. Wajerumani walilipiza kisasi kwa wote, na kufikia 1900 boma lao lilikuwa limesimama Arusha. Leo ndilo makumbusho.

Mfereji wenyewe unaeleza zaidi. Banio lake huwa juu mtoni, limejengwa kwa mawe, matawi, udongo na vipande vya mgomba, navyo mafuriko yakivibomoa, vinapangwa upya. Kutoka hapo mtaro mwembamba unaufuata mteremko kwa upole, kwa sababu ukiinama mno maji hukata udongo, na ukilala mno tope hujaa. Kila mwenye shamba ana zamu, na asiyefika siku ya kusafisha anatozwa faini. Kazi hii haiulizi mtu anasema lugha gani. Sheria yake inatoka kwenye mteremko na uchache wa maji, na ndiyo maana Wachaga na Wapare wanayo pia.

Wapo watakaosema Waarusha ni Wamasai waliofilisika tu, wakashika jembe wakisubiri ng'ombe. Hoja hiyo inaelekea kushindwa na historia. Sotoka ilipofyeka mifugo miaka ya 1890, Wamasai ndio waliopanda mlimani kutafuta chakula kwa Waarusha, na baadhi yao hawakushuka tena. Pingamizi la pili ni zito zaidi: lugha si ganda tupu, nayo hubeba maarifa. Ni kweli. Mfugaji anayetaja rangi na mabaka ya ng'ombe mmoja kwa neno moja la Kimaa ana chombo ambacho mwingine hana. Lakini kama lugha ingekuwa ghala la ujuzi wa kazi na basi, Waarusha, wanaoishi kwa kilimo, wangekuwa wameiacha. Wameishika karibu miaka 200 kwa sababu nyingine: marika yao yalifuata yale ya Kisongo, na kwa Wamasai wa tambarare walikuwa na wakwe na wateja wa nafaka waliolipa kwa mifugo na maziwa. Hata loshoro, mahindi yaliyopikwa yakachanganywa na maziwa ya mgando, inaunganisha shamba na zizi katika bakuli moja.

Leo maarifa ya maji yanaingia katika lugha nyingine tena. Bonde la Mto Nduruma lina kamati za mto zinazogawa maji kati ya mifereji ya juu na ya chini, na mambo ya namna hiyo sasa huandikwa na kuamuliwa kwa Kiswahili. Anayedhani hapo ndipo mila inapokufa anatazama mahali pasipo na tatizo. Shida ni viwanja. Upande wa Moivo na Ilboru mashamba yanamegwa kila mwaka kujengwa nyumba, na mwenye nyumba anayeletewa maji kwa bomba hana sababu ya kufika siku ya kusafisha mfereji, hata kama anasema Kimaa vizuri kuliko wazee wake.