Msasa na Kitako cha Bunduki

Wanafunzi wangu hulainisha mbao kwa “sandipepa”. Sichukii maneno ya mkopo. Bunduki na risasi yenyewe yametoka katika Kiarabu. Lakini msasa ni mti, na kwa majani yake yakwaruzayo maseremala walisugulia mbao kabla karatasi haijafika dukani.

Tuitazame Lee-Enfield, bunduki waliyoibeba askari wa King's African Rifles katika Vita vya Pili vya Dunia. Kitako chake ni cha mti. Palipobonyea hutandikwa kitambaa kilicholowa, ikapitishwa pasi ya moto. Mvuke huzivimbisha nyuzi zilizolala. Kisha msasa, kwa kufuata nyuzi, kamwe si kuzikata. Mwisho mafuta ya kitani, membamba, kwa kiganja, yakauke, yarudiwe. Kazi yote ni ya seremala, na lugha yake ni ya seremala.

Hapa Sondu, mpakani mwa Kisumu na Kericho, palipomwagika damu mwaka 2023, mwalimu aweza kuiogopa mada hii darasani. Namwelewa, ila sikubaliani naye. Wenye ugomvi nao huambiwa wakae kitako wazungumze. Sioni kwa nini neno hilo tuiachie bunduki.