Mtoto wa Bashay na Lugha ya Shule

Wasomaji wetu, leo nataka kusema nanyi juu ya mtoto wa miaka mitano atokaye nyumbani kwao Bashay, katika nchi ya Mbulu, kwenda darasa la awali kwa mara ya kwanza. Tangu alipoanza kusema amesema Kiiraqw. Kwa Kiiraqw ameitwa kula, na kwa Kiiraqw ametumwa kutazama ndama. Sasa mwalimu asimama mbele yake na kusema Kiswahili, na mtoto anyamaza. Je, ni mjinga? Hasha! Amepewa kazi mbili kwa wakati mmoja: kujifunza hesabu, na kujifunza lugha ambayo kwayo hesabu hiyo yafundishwa.

Jambo hili ni rahisi kusahauliwa, kwa kuwa Kiswahili ni lugha ya taifa, na tangu mwaka 1967 ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Watu hudhani kwamba kila mtoto huja nacho kutoka nyumbani. Lakini lugha zetu si za jamaa moja. Kiswahili ni cha jamaa ya Kibantu, kama Kisukuma. Mtoto wa Kisukuma huhesabu ibili, idatu, ine, itano. Asikiapo mbili, tatu, nne, tano, ni kama kuonana na ndugu. Kiiraqw ni cha jamaa ya Kikushi, pamoja na Kigorowa, na kwa mbali Kisomali. Mtoto wa Kiiraqw huhesabu wak, tsar, tam, tsiyahh, koo'an. Katika kumbukumbu yake hakuna cha kumsaidia kushika tano. Hana budi kuipokea kama kitu kipya kabisa.

Tena kuna sauti. Kiiraqw kina sauti nyingi ambazo Mswahili wa pwani hawezi kuzitamka bila kufundishwa, lakini v na z si sauti zake za asili. Basi mwalimu asemapo "vua nguo", mtoto aweza kusikia "fua nguo", akashangaa maji yako wapi. Huyo hakukaidi, sikio lake halijazoea. Tena kuna ngeli: mtoto mkubwa, kitabu kikubwa, nyumba kubwa. Kwetu sisi tuliozoea, hayo ni mepesi. Kwake yeye, neno moja limebadilika mara tatu bila sababu aionayo.

Basi mwalimu afanyeje? Kwanza, aanze na sikio, kisha ulimi, na kitabu kije nyuma. Aseme "simama", naye mwenyewe asimame. Aseme "lete jiwe", na jiwe liletwe. Mtoto atakayetii kwa mwili ameelewa, hata kama bado hajajibu kwa mdomo. Pili, afundishe maneno machache kila siku, na kitu chenyewe kiwe mkononi: jembe, kibuyu, hindi, yai. Tatu, ayaweke pamoja maneno yanayochanganyika, kama vua na fua, saa na zaa, watoto wayasikilize na kuyatamka mara nyingi, kwa wimbo au kwa mchezo. Nne, asimwadhibu mtoto kwa kusema Kiiraqw. Mwalimu ajuaye lugha hiyo aitumie kama ufunguo: neno moja la Kiiraqw laweza kufungua somo zima, kisha darasa lirudi katika Kiswahili.

Nanyi wazazi mna kazi yenu. Wako wanaodhani kwamba wakiacha Kiiraqw nyumbani, mtoto atapata Kiswahili upesi. Lakini mzazi asiyekijua Kiswahili vizuri atampa mtoto maneno machache tu, na mtoto atakosa hadithi, vitendawili na maonyo ambayo mzazi huyo angeyasema vema kwa lugha yake. Mwacha asili ni mtumwa. Mwaka 1953 shirika la UNESCO lilitoa taarifa likisema kwamba lugha bora ya kuanzia kumfundisha mtoto ni lugha ya mama yake. Mtoto aliyekwisha kujua kuhesabu mbuzi kwa Kiiraqw hajifunzi tena kuhesabu. Ajifunza majina mapya tu ya hesabu aijuayo. Basi hesabuni naye, simulianeni naye, mwulizeni maswali.

Njia bado ni ndefu, kwani mbele yake kiko Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya kufundishia katika shule za sekondari. Mtoto aliyechekwa kwa lugha ya pili ataiogopa ya tatu. Bali yule aliyepokewa kwa subira ataingia katika kila lugha bila hofu. Kwa hiyo, mwalimu, umwonapo mtoto amenyamaza, usiandike haraka kwamba hana akili. Mwulize kwanza jambo lile lile kwa lugha ya kwao, ndipo umpime.