Homoni zinazomkuza na kumgeuza kiwavi (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliona jinsi viwavijeshi vamizi walivyobainika Afrika mwaka 2016, wakafika Tanzania mwaka uliofuata, na hasara wanayowatia wakulima wa mahindi wa Tarime na Serengeti. Leo tunaingia ndani ya mwili wa kiwavi mwenyewe. Humo ndimo limo jibu la swali ambalo mkulima hujiuliza msimu hadi msimu: mbona nimepiga dawa na shamba limeliwa vilevile?

Sehemu kubwa ya jibu ni wakati. Kiwavi anapoanguliwa hafiki urefu wa milimita 2. Wiki mbili baadaye, kukiwa na joto, amevuka sentimita 3. Ngozi yake ngumu haiwezi kutanuka kiasi hicho, hivyo kila inapombana hana budi kuivua. Huvua gamba mara tano na kupitia hatua sita za ukuaji, na katika hatua mbili za mwisho ndipo anapokula sehemu kubwa kabisa ya majani atakayoyala maishani.

Nani humjulisha kwamba wakati wa kuvua umefika? Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Mpolandi Stefan Kopeć alionyesha kuwa kiwavi aliyeondolewa ubongo mapema hageuki kuwa pupa, ila akiondolewa akiwa amekwisha kukomaa hugeuka kama kawaida. Baadaye ilijulikana kuwa ubongo hutuma ujumbe kwenye tezi zilizoko kifuani, na tezi hizo ndizo zinazotoa homoni ya kuvua gamba. Mwaka 1954 Wajerumani Adolf Butenandt na Peter Karlson walifanikiwa kuitenga. Walitumia kilo 500 za pupa wa nondo wa hariri, wakapata miligramu 25 tu. Homoni hiyo wakaiita ekidisoni.

Ekidisoni ni steroidi, ndugu wa homoni za uzazi za binadamu. Kama hizo, huundwa kutokana na kolesteroli. Tofauti ni kwamba miili yetu hujitengenezea kolesteroli, lakini mdudu hawezi. Kiwavi huchukua mafuta ya jamii hiyo yaliyomo kwenye jani, akayageuza kuwa kolesteroli, kisha ekidisoni. Kwa maneno mengine, muhindi unaoliwa ndio unaompa adui yake malighafi ya kukulia.

Homoni ya pili, ambayo si steroidi, hutoka kwenye tezi ndogo nyuma ya ubongo na kazi yake ni kulinda utoto. Ekidisoni ikipanda wakati homoni hii ipo kwa wingi, kiwavi huvua ngozi na kuwa kiwavi mkubwa zaidi. Katika hatua ya sita homoni ya utoto hupungua sana. Hapo ekidisoni ikipanda kidogo, kiwavi huacha kula, hushuka na kujichimbia ardhini sentimita chache. Ikipanda tena kwa nguvu, anakuwa pupa. Ndani ya pupa, ekidisoni hiyohiyo husimamia ujenzi wa mabawa, miguu mirefu na macho ya nondo.

Lakini kupanda peke yake hakutoshi. Ekidisoni huanzisha utengenezaji wa ngozi mpya chini ya ile kuukuu, na ngozi kuukuu haivuliwi mpaka homoni imeshuka. Ukimwona kiwavi aliyetulia tuli kwenye moyo wa muhindi, hatafuni, na nyuma ya kichwa chake cheusi pamevimba na kung'aa, mtazame kwa makini: kichwa kipya kimekwisha kuumbwa nyuma ya kile cha zamani, kinasubiri homoni ishuke.

Mimea fulani imeugeuza udhaifu huu kuwa kinga. Katika nyanda za juu za Afrika Mashariki huota mmea wa dawa uitwao kitaalamu Ajuga remota. Ulichunguzwa na wanakemia waliofanya kazi na ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo. Mmea huo una steroidi zinazofanana na ekidisoni. Isao Kubo na wenzake walipowalisha funza mwekundu wa pamba, mdudu anayejulikana pia kwa wakulima wa pamba, funza walianza kuvua gamba wakashindwa kumaliza. Kichwa kipya kilibaki kimefunikwa na cha zamani, mdomo ukazibwa, wakafa kwa njaa.

Wanakemia wa viwandani nao walitengeneza tebufenozidi, kiuatilifu kinachoiga ekidisoni. Kiwavi akiila, mwili wake huanza kuvua gamba kabla ya wakati na amri hiyo haishuki tena. Huacha kula baada ya muda mfupi, kisha hufa. Kwa kuwa binadamu na mifugo hawavui gamba kwa homoni hiyo, na kwa kuwa dawa hii huwalenga zaidi viwavi wa nondo na vipepeo, nyuki huathirika kidogo kuliko kwa sumu za neva. Huu ndio mwelekeo ninaoamini tunapaswa kuudai: dawa inayomjua adui yake.

Hata mkulima asiye na dawa hiyo anaweza kuutumia ujuzi huu. Anza kukagua mahindi yanapochipua, tena kila wiki. Ponda mayai kwa vidole. Kama ni lazima kupiga dawa, piga kiwavi akiwa katika hatua tatu za kwanza, jioni anapotoka kula. Akishafika hatua ya sita amejificha ndani ya moyo wa mmea chini ya kinyesi chake, hasara imekwisha kutokea, na akishaingia udongoni dawa ya majani haimfikii. Fedha inayotumika siku hiyo imepotea bure.

Wiki ijayo: mbung'o wa Serengeti, anayezaa funza mmoja mmoja, na jinsi homoni hizi zinavyomfanya funza huyo awe pupa muda mfupi baada ya kuzaliwa.