Bunduki ya mitutu miwili: usisahau mtutu wa pili

Wewe mwenye bunduki, sikia. Umelala katika kibanda cha shamba, unalinda muhindi na mihogo yako. Usiku nguruwe wa pori wameingia. Umepiga mmoja, ameanguka, wengine wamekimbia. Unatoka mbio kumtazama, bunduki mkononi. Ngoja! Umepiga risasi moja tu. Ya pili imo bado, tayari kulia. Ukijikwaa juu ya kisiki, nani yuko mbele yako? Pengine ni mtoto wako.

1. Vifyatulio viwili ni vya kazi gani?

Kila kifyatulio kina mtutu wake. Kwa bunduki nyingi zenye mitutu iliyolala sambamba, kifyatulio cha mbele hupiga mtutu wa kuume, na cha nyuma hupiga mtutu wa kushoto. Mara nyingi mtutu wa kuume hutawanya chembe za risasi upesi: unafaa kwa kanga aliye karibu. Wa kushoto umebanwa kidogo mdomoni, chembe zake hukaa pamoja zaidi: unafaa kwa aliye mbali. Kwa hiyo mwindaji huchagua.

Tumia kidole kimoja tu. Usiweke vidole viwili, kimoja huku na kimoja kule. Bunduki ikilia hurudi nyuma kwa nguvu, na kidole cha pili kitavuta bila wewe kutaka. Kidole kikae nje mpaka umemwona mnyama vizuri, na umejua kilicho nyuma yake.

2. Kizuizi ni nini?

Ni kile kichuma kidogo kilicho juu ya shingo ya bunduki, mahali pa kidole gumba. Kwa bunduki nyingi, kikivutwa nyuma kinafunga, na mara nyingi herufi S inaonekana; kikisukumwa mbele kinafungua. Lakini bunduki zote si sawa. Jifunze yako ikiwa tupu.

Sasa shika neno hili: kwa bunduki nyingi kizuizi hufunga vifyatulio tu. Hakishiki nyundo zilizo ndani. Bunduki ikianguka juu ya jiwe, nyundo yaweza kuponyoka na risasi ikatoka, ingawa kizuizi kimefungwa. Tena, ukiisha kupiga mara moja, kizuizi hakijirudishi chenyewe. Mtutu wa pili unabaki wazi kwa hatari.

Bunduki ya zamani yenye nyundo za nje kwa kawaida haina kizuizi. Usishushe nyundo kwa kidole juu ya risasi. Fungua bunduki kwanza, toa risasi, ndipo ushushe nyundo.

Bunduki za Liège, Ubelgiji, zina alama ya herufi ELG na nyota chini ya taji. Alama hiyo yasema kwamba ilijaribiwa ilipokuwa mpya. Haisemi kwamba kizuizi chake ni kizima leo. Kikilegea, mpelekee fundi; usikikwaruze kwa tupa.

3. Fanya hivi kila siku

Ukiisha kupiga, simama. Fungua bunduki, toa risasi zote mbili, hata ile ambayo haikulia. Ndipo uende kwa mnyama. Kama unaogopa kwamba yu hai, funga kizuizi, nenda polepole, mdomo wa bunduki ukitazama mahali pasipo mtu.

Kabla ya kuvuka mto, kupanda kichuguu au kupanda baiskeli, toa risasi.

Kabla ya kufika njia kubwa ya Likasi au Kolwezi, ambako wanawake wanapita asubuhi na vikapu, toa risasi.

Kabla ya kuingia kijijini, toa risasi, uchungulie mitutu yote miwili. Watoto watakukimbilia kuuliza nyama iko wapi.

Mtu akikuambia, «Usiogope, nimefunga kizuizi,» mjibu: «Fungua bunduki, nione.» Kizuizi ni msaidizi wako. Mlinzi ni wewe.