Jua la Nairobi si la kupuuzwa mzazi anapowatembeza watoto

WAZAZI wengi wanaoishi karibu na kituo cha biashara cha Adams Arcade, kwenye Barabara ya Ngong jijini Nairobi, hulea watoto katika nyumba za ghorofa zisizo na uwanja wa kuchezea. Kwa hivyo, wikendi inapofika, mtoto husubiri kwa hamu kupelekwa mahali atakapokimbia bila kuogopa magari.

Matembezi hayo ni muhimu kwa afya ya mtoto. Hata hivyo, hasa kati ya Januari na Machi, msimu ambao jiji hupata joto jingi zaidi, furaha hiyo yaweza kugeuka kilio iwapo mzazi hatajiandaa.

Jua la Nairobi lina hila yake. Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na joto lake la mchana kwa kawaida halifiki lile la Mombasa. Upepo mwanana humfanya mtu adhani kwamba jua ni la kiasi. Lakini kadiri mtu anavyopanda juu, ndivyo hewa ya kuchuja miale inavyopungua. Nguvu ya miale inayochoma ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Aidha, Nairobi iko karibu na Ikweta, na mwezi Machi na Septemba jua la adhuhuri huwa juu ya utosi.

Ipo njia rahisi ya kupima ukali wa jua isiyohitaji chombo chochote. Mtoto asimame kwenye uwanja wazi, kisha mzazi atazame kivuli chake. Kivuli kikiwa kifupi kuliko urefu wa mtoto, jua ni kali na ni heri mchezo uhamishiwe chini ya mti. Kwa Nairobi, hali hiyo huwa takriban kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Familia inayoondoka nyumbani saa mbili asubuhi hufaidi zaidi ya ile inayoondoka saa sita.

Uteuzi wa mahali pia una uzito. Kutoka Adams Arcade, matatu za nambari 111 ziendazo Ngong hupita kando ya Msitu wa Barabara ya Ngong, ambako familia inashauriwa kufuata njia zilizotengwa na zenye walinzi. Upande wa jiji kuna bustani ya miti ya Arboretum, karibu na Ikulu. Bustani hiyo ilianzishwa mwaka wa 1907 ili kujaribu aina za miti ambayo ingekua haraka na kutoa kuni za garimoshi. Leo miti hiyo huwapa watoto kivuli, ingawa wazazi wanapaswa kuchunga vyakula vyao dhidi ya kima, ambao ni hodari wa kunyakua.

Kabla ya kuondoka, mtoto avae kofia yenye ukingo mpana na nguo nyepesi ya mikono mirefu. Si lazima vitu hivyo viwe vya bei ghali, kwani katika Soko la Toi, hatua chache kutoka Adams Arcade, mitumba ya watoto hupatikana kwa wingi. Mtoto mwenye ualbino anahitaji uangalifu maradufu, yakiwemo mafuta ya kukinga jua yanayopakwa tena kila baada ya saa mbili.

Maji yabebwe katika chupa ya kudumu. Tangu Juni 5, 2020, Kenya ilipiga marufuku plastiki za kutumiwa mara moja katika mbuga, misitu na fuo zinazohifadhiwa. Mtoto apewe maji mara kwa mara hata kabla ya kulalamikia kiu, kwa kuwa anayezama katika mchezo husahau kunywa. Soda haiwezi kuchukua nafasi ya maji. Mtoto aliye chini ya miezi sita hapewi maji, bali hunyonyeshwa mara nyingi zaidi.

Mwili wa mtoto hupata joto upesi kuliko wa mtu mzima. Mdomo mkavu, mkojo wa rangi nzito, kulia bila machozi na ulegevu ni dalili kwamba maji yamepungua mwilini. Apelekwe kivulini na anyweshwe kidogo kidogo. Akichanganyikiwa, akizimia au mwili ukiwa moto kupita kiasi, avuliwe nguo za ziada, amwagiwe maji na kupepewa huku akikimbizwa hospitalini. Asilazimishwe kunywa iwapo hana fahamu.

Kadhalika, mtoto asiachwe kamwe ndani ya gari lililofungwa, hata kwa dakika chache. Katika muda wa dakika 10 tu joto la ndani laweza kupanda kwa takriban nyuzi 10, na kufungua dirisha kidogo hakusaidii sana.

Ni vyema pia watoto waelezwe kwamba vivuli wanavyovifurahia havikubaki kwa bahati. Mwaka wa 1989, marehemu Profesa Wangari Maathai aliongoza upinzani dhidi ya mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 katika Bustani ya Uhuru. Alikejeliwa hadharani, lakini mpango huo ulitupiliwa mbali. Mwaka wa 2004 alituzwa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Wahenga walinena kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Kofia, chupa ya maji na kuondoka mapema havimgharimu mzazi pesa nyingi, ilhali humwezesha mtoto kurejea nyumbani akiwa mchovu kwa mchezo, wala si kwa jua.