Miembe ya Soga na Wenyeji Wapya

Katika sensa ya mwaka 2012 Mkoa wa Pwani ulikuwa na watu 1,098,668, na katika sensa ya mwaka 2022 ukawa na watu 2,024,947, ongezeko linalokaribia maradufu katika kipindi ambacho Dar es Salaam yenyewe ilitoka watu 4,364,541 na kufika 5,383,728. Si wote waliohamia Pwani waliofuata kilimo, kwani wapo wanaoendelea kutafuta riziki jijini huku wakijenga Kibaha, Mkuranga au Kisarawe, ambako ardhi bado ni nafuu na upepo unapita bila kuzuiwa na ghorofa la jirani. Miongoni mwa maeneo wanayoyatazama ni Soga, kata ya Wilaya ya Kibaha iliyo kusini mwa Barabara ya Morogoro, upande wa kuelekea Kisarawe.

Kinachowavuta wageni huko ni miti, nayo haikupandwa na mtaalamu yeyote wa mipango miji. Mwembe, mkorosho na mnazi ni mazao ya kudumu, yaani mimea inayozaa kwa miaka mingi bila kupandwa upya, na kwa mila za mwambao aliyeipanda hutambuliwa kuwa na haki juu yake, kiasi kwamba hata leo mthamini wa fidia huhesabu miti ya shamba mmoja mmoja. Mahali penye miembe mikubwa iliyokaa pamoja bila nyumba karibu, mara nyingi ni mahame, yaani makazi ya zamani yaliyoachwa na watu wake. Kwa hiyo anayenunua kiwanja chenye kivuli ananunua jasho la babu wa mtu mwingine, pamoja na harufu ya mabibo yaliyooza chini ya mikorosho msimu wa korosho unapofika, harufu ambayo dalali hana haja ya kuitaja.

Tatizo huanza pale shamba linapokatwa. Mwenye shamba humega vipande vya hatua ishirini kwa ishirini, na kwa kuwa kila hatua ni fedha, hakuna anayependa kuipoteza kwa kuiacha iwe barabara, hivyo hubaki kichochoro cha kupita bajaji moja. Mnunuzi naye, aliyevutiwa na kijani, hutakiwa kwanza “kusafisha kiwanja”: mwembe huangushwa kwa hofu ya mizizi kuinua msingi, tawi kuvunja bati au nyoka kujificha, kisha magogo huishia kuwa mkaa. Ukuta ukishasimama, hupandwa kando yake safu ya miashoki, mti mrefu mwembamba unaopendeza kwenye picha lakini usiotosha kumfunika kuku mmoja saa sita mchana.

Oysterbay ya Dar es Salaam, inayosifiwa kwa barabara zake zenye miti, ilipata sura hiyo kwa njia tofauti. Ilipangwa wakati wa utawala wa Waingereza kwa ajili ya Wazungu, kwa viwanja vikubwa na barabara zilizoachiwa nafasi pembeni, na ubaguzi huo hauna cha kusifiwa. Hata hivyo una somo la kiufundi, kwamba mti wa barabarani hudumu ukisimama katika hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa ardhi ya umma usioweza kuuzwa. Huko Letchworth, Uingereza, mji wa bustani ulioanzishwa mwaka 1903 kwa kufuata fikra za Ebenezer Howard, ardhi yote ilishikwa na kampuni moja, na kwa sababu hiyo barabara na miti viliweza kupangwa kabla ya wakazi kuingia.

Howard alitaka pia miji ya namna hiyo iunganishwe kwa reli, na hapo Soga haina upungufu. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa na Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907, hupita hapo, na reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria mwezi Juni 2024, ina stesheni yake. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa mwaka huo kwa safari ya kilomita 51 kati ya Dar es Salaam na Soga ilikuwa shilingi 4,000, hivyo mfanyakazi wa siku 22 kwa mwezi angelipa shilingi 176,000 kwenda na kurudi, kabla ya bodaboda ya kumtoa stesheni hadi nyumbani. Treni hiyo si daladala: ratiba zake hufuata zaidi safari za Morogoro na Dodoma, na kwa mshahara mdogo hesabu hiyo haikai sawa.

Maji nayo yana kejeli yake, maana mtambo wa Ruvu Juu, unaolisha sehemu ya Dar es Salaam, uko wilaya hiyohiyo ya Kibaha, ilhali anayejenga mbali na bomba hubaki na kisima, simtanki na dua ya mvua.

Kisheria nafasi ya kuokoa kivuli ipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, pamoja na mamlaka ya kuridhia au kukataa uhamisho wa haki kwa mtu asiye mkazi, na hakuna kinachoizuia kudai barabara zichorwe kabla ya kuridhia. Mpimaji anayeitwa mapema anaweza kupindisha barabara ikauzunguka mwembe, na gharama yake ni mstari tu kwenye ramani. Akiitwa baada ya kuta kusimama, kinachobaki ni urasimishaji, yaani kuvitambua na kuvipa namba viwanja vilivyokwisha kukatwa, kisha bikoni huchimbiwa pembeni mwa kichochoro kilekile cha bajaji moja.